Chakula cha Mgonjwa wa Figo Kiangaliwe

Mbeya na Iringa ni mikoa iliyojaaliwa chakula. Viazi, maharage, ndizi za Rungwe na maparachichi hujaa masokoni huko, na mbatata nyingi tunazopika hapa visiwani nazo huvuka bahari kutoka bara. Kwa hiyo ndugu zetu wa Nyanda za Juu Kusini wenye maradhi ya figo, pamoja na wagonjwa wetu wa huku, wanakabiliwa na jambo moja: chakula kilichowakuza ndicho kinachoweza kuwadhuru.

Hatusemi hayo kwa kutaka kutisha watu. Figo iliyokufa haiwezi kutoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikizidi katika damu moyo huweza kusimama ghafla. Viazi, ndizi, maharage na parachichi vina potasiamu nyingi. Kadhalika madafu na tende zetu, ambazo mgeni hukirimiwa hata kabla hajaulizwa hali. Mashine ya kusafisha damu huiondoa, lakini kwa kawaida mgonjwa huwekwa kwenye mashine mara 3 kwa wiki, kiasi cha saa 4 kila mara. Saa 156 zinazobaki, figo yake ni mkono wa mpishi wake.

Huduma hiyo inatolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na kwa hilo Serikali inastahili pongezi. Hata hivyo, mtu wa kijijini akikosa nauli na kupitwa na siku yake moja tu, viazi alivyokula jana huwa mzigo mzito zaidi.

Kosa lililopo ni kudhani kwamba ushauri wa chakula ni orodha ya makatazo. Mgonjwa anayeogopa kila kitu hukonda na kuishiwa nguvu. Kabla ya kuanza mashine huenda aliambiwa apunguze protini. Akishaanza anahitaji zaidi, kwa kuwa sehemu yake hupotea katika kusafishwa. Mtu wa kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 hivi. Samaki, mayai na nyama visiondolewe sahanini mwake. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta fosforasi nyingi, basi wawe kwa kiasi. Maji nayo yana kipimo, na uji, mchuzi na ulanzi vyote huhesabiwa kuwa maji.

Wenye kisukari wawe na hadhari zaidi. Figo ndizo husaidia kuvunja insulini. Zikifa, dozi ile ile ya zamani hukaa mwilini muda mrefu na kushusha sukari kupita kiasi. Dozi ipangwe upya na daktari, na sukari ikishuka mgonjwa apewe maji ya sukari, si maji ya machungwa yenye potasiamu.

Viazi havina haja ya kupigwa marufuku moja kwa moja. Vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yale yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka. Ni mama wangapi wa Iringa, au wa Pemba, waliopata kuelezwa hivyo?

Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yalichapishwa mwaka 2008 kwa lugha ya Kiingereza, na potasiamu na fosforasi zimo. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973. Afya si jambo la Muungano, lakini viazi ni vile vile pande zote mbili. Tunaziomba Wizara za Afya za Dodoma na Zanzibar zikae pamoja, zitoe katika majedwali hayo kijitabu chepesi cha Kiswahili chenye vyakula vyetu na namna ya kuvipika, na zihakikishe kila chumba cha kusafishia damu kina ofisa lishe anayezungumza na mgonjwa pamoja na yule anayempikia.