Heshima Isiyomdhoofisha Mzee



Kwetu mzee akiingia hupewa kiti, huletewa maji, kisha huambiwa, "Tulia baba, vijana tupo." Desturi hiyo ni njema. Lakini ikidumu kutwa, mwaka baada ya mwaka, hudhoofisha miguu ya yule tunayemheshimu. Misuli isiyotumika hupungua. Huja siku ya kuteleza bafuni, nyonga ikavunjika, na mama aliyekuja Misa kwa miguu yake sasa hupelekewa Komunyo kitandani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya kutia nguvu na kuzuia kuanguka siku 3 au zaidi kwa juma. Si mbio hizo. Ni kuinuka kitini na kuketi tena, kuinua visigino, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. (Mwenye maumivu ya kifua atangulie kumwona daktari.)

Akiwa peke yake nyumbani, mzee huchoka upesi na kuacha. Pamoja na wenzake hucheka, huulizana hali, na asiyefika hutafutwa. Kwa hiyo naona ukumbi wa parokia, unaofungwa asubuhi za katikati ya juma, ufunguliwe kwao bila malipo. Arusi huja Jumamosi, hazitapungukiwa kitu.

Wapo wanaonong'ona kwamba ni aibu bibi kunyoosha mikono hadharani. Mimi siioni aibu hiyo. Wanajumuiya wenye magari, wa mbali watahitaji kuletwa.