Likizo ya mtoto si muhula wa nne

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wa jijini huanza kukuna vichwa. Shule zinafungwa, baba na mama wako kazini tangu asubuhi hadi jioni, na mtoto atabaki nyumbani na yaya, runinga na simu. Zamani jawabu lilikuwa rahisi. Mtoto alipandishwa basi akaenda kwa nyanya yake mashambani, naye akarudi na hadithi za kumtosha muhula mzima. Siku hizi nyanya wengine wanaishi papa hapa mjini, na nauli nayo si mchezo.

Ndiposa kambi za likizo zimeshika kasi. Matangazo yake yanavutia: warsha za sayansi, uchoraji, uigizaji, mapishi, ufinyanzi na hata kompyuta. Mzazi husoma, akapiga hesabu, akatoa pesa. Lakini je, mpenzi msomaji, umewahi kujiuliza mtoto anafanya nini hasa katika warsha hizo?

Jambo hili si geni duniani. Mnamo 1876, kasisi mmoja wa mji wa Zurich nchini Uswisi, Walter Bion, aliwachukua watoto 68 wa familia maskini na kuwapeleka katika milima ya Appenzell wakapumue hewa safi wakati wa likizo. Huko Uingereza, Agosti 1907, Robert Baden-Powell aliwapiga kambi wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea. Walikuwemo wana wa matajiri na wana wa watu wa kawaida, wote wakichanganywa katika vikundi vidogo vidogo. Walifundishwa kuwasha moto, kupika, kufunga kamba, kufuata nyayo na kumwokoa aliye hatarini. Kutokana na kambi hiyo chama cha Skauti kilizaliwa. Mzee huyo alikuja kumalizia maisha yake hapa kwetu Nyeri, akafariki Januari 1941, na kaburi lake lingali huko.

Tazama vizuri mifano hiyo miwili. Hakuna aliyewapeleka watoto kambini ili wakarudie hesabu za darasani. Walipelekwa wakapate kile ambacho darasa na mtaa wa mjini haviwezi kuwapa.

Hapa kwetu ndipo mambo huharibika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kufanyishwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Hata hivyo, wapo wajanja wanaobadilisha jina tu. Masomo ya ziada wanayaita kambi, na mazoezi ya mtihani wanayaita warsha. Ukiambiwa mtoto aje na vitabu vyake vya shule, kalamu na madaftari matatu ya mistari, shika pesa zako vizuri. Huo ni muhula wa nne uliovishwa kofia ya likizo.

Sasa warsha ya kweli hufananaje? Chukua mfano wa somo la kuchuja maji. Kila mtoto hupewa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kugeuzwa juu chini. Mdomoni huweka kitambaa, kisha makaa yaliyopondwa, halafu mchanga laini, na juu kabisa kokoto. Kisha humwaga maji ya matope na kungoja.

Mara nyingi mtoto wa kwanza kumaliza hushangaa kuona maji yanatoka meusi kuliko yalivyoingia. Kwa nini? Kwa sababu hakuosha makaa na mchanga kabla ya kuvitia. Mwalimu mwenye haraka atamnyang'anya ile chupa na kumrekebishia. Mwalimu mwema atamuuliza, "Unadhani huo weusi umetoka wapi?" kisha atanyamaza. Mtoto atafikiri, atamwaga, ataosha, atarudia. Mara ya pili au ya tatu maji yatatoka meupe zaidi, naye atashangilia kana kwamba amechimba kisima. Hapo ndipo mwalimu humwonya kwamba maji yanayong'aa bado yanaweza kuwa na viini vya maradhi, kwa hivyo hayanywi. Kwa dakika 40 mtoto huyo amejifunza sayansi, subira na afya, na hakuna aliyemtishia kwa mtihani.

Ndivyo ilivyo kwa tiara. Isipokuwa na mkia huzungukazunguka na kuanguka, na ikipewa mkia mzito haipai. Hakuna maneno ya ubaoni yatakayomfundisha mtoto kiasi cha mkia kinachofaa. Lazima akimbie nayo uwanjani, ianguke, apunguze, akimbie tena.

Kwa maoni yangu, kipimo cha warsha ni hiki kimoja: je, mtoto anaruhusiwa kukosea na kurudia mwenyewe? Nasema hivyo kwa sababu sisi wazazi ndio wa kwanza kuharibu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika shuleni mwaka 2019, ni wangapi kati yetu tumekesha tukikata maboksi na kupaka gundi, mtoto akiwa amelala fofofo, ili asubuhi apeleke kazi "yake" kwa mwalimu? Waendeshaji wa kambi wanatujua. Wanajua kwamba siku ya mwisho tutafika na simu zetu kupiga picha, na kwamba tutataka kuona vitu vinavyopendeza. Basi wengine huwachorea watoto, huwakatia na kuwagundishia, kisha huandika jina la mtoto chini. Mzazi huondoka akitabasamu, mtoto akiwa mtupu kama alivyokuja.

Ukitaka kuujua ukweli siku hiyo, usikitazame kile kitu. Mwambie mtoto akueleze alivyokitengeneza, ni wapi palipomshinda, na alifanyaje. Aliyekitengeneza mwenyewe hutamnyamazisha. Aliyetengenezewa atakwambia, "Ni mwalimu."

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya bila haya. Kila mwalimu anaangalia watoto wangapi? Kundi likiwa kubwa mno, hakuna atakayeshikwa mkono anapotumia mkasi au msumeno. Wafanyakazi wa kambi wamechunguzwa tabia zao, na je, mtoto anaweza kuachwa peke yake na mtu mzima mmoja? Nani anajua huduma ya kwanza? Ikiwa watalala huko, wavulana na wasichana wanalala wapi na nani anawalinda? Na usisahau kwamba kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani kambi hizi huja wakati wa joto, lakini Nairobi mwezi wa Agosti ni baridi ya kutetemesha. Sweta na viatu vya kufunika si anasa.

Najua wapo wasomaji watakaosema, "Mwandishi, hayo ni ya wenye pesa. Sisi karo ya muhula ujao bado hatujaipata." Ni kweli, na inasikitisha kwamba kile kilichoanzishwa Zurich kwa ajili ya maskini leo kinauzwa kama bidhaa ya wenye nacho. Lakini warsha haihitaji jumba. Inahitaji mtu mzima mmoja mwenye subira, vitu vya kushika, na muda.

Wazazi wanne au watano wa ploti moja wanaweza kugawana siku. Huyu ni fundi cherehani, awafundishe kushona kifungo na kupindia nguo. Yule ni mpishi, awaonyeshe kwa nini unga wa mandazi huumuka. Mwanafunzi wa chuo aliye nyumbani aongoze kuunda gari la waya lenye magurudumu ya slipasi kuukuu. Mpira wa juala tuliouchezea sisi hauwezekani tena, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini matambara na kamba vingalipo. Siku nyingine wapelekwe, wakiwa wameshikana mikono, wakawaone mafundi wa jua kali wa Kamukunji wakikunja mabati kuwa masanduku ya shule. Mtoto anayeburuta sanduku hilo hadi bwenini kila muhula hajawahi kujua kwamba lilianza kama karatasi tambarare la bati, likapimwa, likakatwa na kugongwa kwa nyundo hadi likawa na pembe.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea akiamini kwamba kila kitu hutengenezwa na mtu mwingine, atakua akingoja mtu huyo mwingine. Likizo ni wiki chache tu. Katika wiki hizo, mwache ajigonge kidole kwa nyundo ndogo, amwage rangi sakafuni na apike chapati yenye ramani ya Afrika. Sakafu itapigwa deki, na chapati hiyo, nakuhakikishia, italiwa na kumalizika.