VIJANA, JICHO HALINA SPEA!

Kijana unayechomelea mageti na grili pale Gerezani, Vingunguti na kila uchochoro wa Dar es Salaam, leo nina ugomvi na tajiri wako, nina ugomvi na serikali, na nawe pia nina ugomvi.

Jana umechomelea kutwa nzima na miwani ya jua uliyonunua kwa machinga. Usiku wa manane umeamka unalia, macho kama yamemwagiwa mchanga. Asubuhi tajiri anakucheka: "Huo ndio ufundi, utazoea!" Utazoea nini? Tangu lini jicho likazoea moto? Kilichokuunguza ni mionzi ileile ya jua, ila hili ni jua lililowashwa hatua moja kutoka usoni pako. Miwani ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo: kiza chake ni kidogo na pembeni iko wazi. Kinachotakiwa ni kinyago kinachofunika uso na shingo, chenye kioo cheusi namba 10 au zaidi kadiri moto wa mashine unavyopanda. Na saidia fundi anayeshika chuma huku amegeuza uso, naye anaungua vilevile!

Moshi je? Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka wazi kwamba moshi wa kuchomelea unaleta saratani, wakauweka kundi moja na sigara. Wewe unaambiwa unywe maziwa! Maziwa yanakwenda tumboni, ndugu yangu, moshi unakwenda mapafuni. Ukichomelea bomba lenye zinki, usiku unatetemeka kwa homa, unameza dawa za malaria bure. Fanyia kazi nje, upepo ukupige ubavuni, kichwa usikiweke juu ya moshi.

Na umeme haujui urafiki. Waya umechubuka, mashine haina mfuniko, sakafu ina maji, nawe umevaa kandambili! Huo si ujasiri, ni kuchimba kaburi lako. Mvua ikinyesha, zima. Na pipa lililowahi kutiwa petroli usiliguse hata kama ni tupu. Mvuke uliobaki ndani ni bomu.

Usidanganywe kwamba hakuna sheria. Huku Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri akulinde na akupe vifaa vya kinga. Wakala wa kuisimamia upo tangu 2001. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ni ya mwaka 2008. Makaratasi yamejaa kabatini! Sasa jiulize: mgambo wa kubomoa vibanda unamjua kwa sura, mtoza ushuru unamjua hadi mwendo wake. Mkaguzi wa usalama je, ulimwona lini kibandani kwenu? Kwa kutoza wanajua ulipo, kwa kukulinda wamepotea njia!

Lakini na wewe acha kujidai kidume kwa macho mekundu. Macho na mapafu ndiyo mtaji pekee wa kabwela. Yakiharibika, kesho tajiri anachukua kijana mwingine kijiweni, na wewe unarudi kwa mama kuongozwa kwa fimbo. Kabla ya kuwasha mashine, dai kinyago, glovu za ngozi, ovaroli ya pamba na buti. Ukidai peke yako utafukuzwa. Mkidai wote kwa sauti moja, kazi ikasimama siku nzima, atavinunua. Hasara ya siku moja inamuuma kuliko bei ya kioo!

Kila siku unamfungia kigogo grili ili alale usingizi bila hofu. Wewe anakulinda nani? Amka kijana! Usiwashe moto kabla hujafunika uso.