Ndono, Kompyuta na Sikio la Mwanafunzi

Wapo walimu wanaoiona programu ya kompyuta itoayo sauti za ala kuwa ni mchezo wa vijana wa studio, usiostahili kuingia katika darasa la fizikia. Maoni hayo yafaa yapingwe. Tena yapingwe huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwa kuwa Wasukuma walikuwa na ala ifanyayo kazi ile ile kabla kompyuta haijabuniwa.

Ala hiyo ni ndono, upinde wenye waya uliofungiwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji huugonga waya kwa kijiti chembamba, mdomo wa kibuyu ukielekea kifuani pake. Akikibana kibuyu, sauti husikika kama imefunikwa, akikiachia, hung'aa. Waya wenyewe haukukazwa wala kulegezwa. Tuseme unatetemeka mara 215 kwa sekunde. Pamoja na mtetemo huo wa msingi hutoka mingine ya mara 430, 645, 860 na kuendelea. Kibuyu huipaza baadhi na kuififisha mingine, lakini msingi hubaki 215.

Katika programu, kazi ya kibuyu hufanywa na chujio. Mwanafunzi akiliweka kwenye 500, mitetemo ya 215 na 430 hupita, na ile ya 645 na zaidi hufifia kadiri inavyopanda. Kisha aweza kuiamuru kompyuta ilifungue na kulifunga chujio mara mbili kwa kila sekunde, mfano wa mkono wa mpiga ndono asiyechoka.

Kosa huzaliwa hapa, na lugha nayo ina sehemu yake. Katika Kiswahili cha kila siku husemwa "sauti ya juu" kwa redio inayopiga kelele, kwa mwimbaji wa sauti nyembamba, na hata kwa mlio mkali. Hayo ni mambo matatu mbalimbali. Mwanafunzi hulifungua chujio, akasikia mng'ao, akadhani sauti imepanda, naye akakishusha kidatu, yaani idadi ya mitetemo ya msingi. Amekiharibu kilichokuwa sawa. Hapana budi afundishwe kulisimamisha kwanza chujio linalochezacheza, ndipo akiguse kidatu. Na asibadilishe viwili kwa wakati mmoja, kama asivyofanya katika jaribio lolote la maabara.

Lakini kidatu kilinganishwe na nini? Kwa kawaida programu huja imepangwa kwa mitetemo 440 ya noti A, na masafa ya kutoka sauti moja hadi ile yenye mitetemo maradufu yamegawanywa hatua 12 zilizo sawa. Kwa kipimo cha Alexander Ellis wa Uingereza, cha mwaka 1885, kila hatua ina senti 100. Huo ni mpango wa watu tu. Haufanani na mwendo wa sauti hewani, ambao ni jambo la maumbile. Mpiga ndono hukaza waya kwa sikio lake, wala hana sababu ya kuangukia penye mia kamili. Waya wa mitetemo 215 uko senti 40 hivi chini ya 220 ya kompyuta. Kijana husema upinde wa mzee umepotoka, akaurekodi na kuunyanyua hadi 220; na watakaosikiliza baadaye hawatajua mzee alipiga nini. Ni sawa na mpima shamba anayesogeza mpaka ili ulingane na kamba yake! Programu ya bure kama ZynAddSubFX, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, huruhusu kupanga ngazi nyingine ya sauti. Basi ipangwe kwa kuufuata waya.

Watakaosema kwamba kompyuta ni chache shuleni wanasema kweli. Somo laweza kuanza kwa kibuyu, waya na kijiti, kisha ikaletwa kompyuta moja ya mwalimu, chujio lake likiwa limesimamishwa.