Kuunga Udugu kwa Shanta Moja



Kila shule zinapokaribia kufungwa, nyumba nyingi zetu za Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo na Eastleigh hurejewa na swali lile lile: je, mwaka huu tutawapeleka watoto Pwani? Na jibu, aghalabu, ni moja: Inshallah, mwakani. Sababu inayotajwa ni nauli. Lakini tukikaa kitako tukapiga hesabu, twaona kuwa nauli si peke yake. Kuna doti ya leso ya shangazi, shuka za bibi, mchele, sukari, nguo mpya za kila mtoto, na ile hofu ya kusemwa kwamba tumekuja mikono mitupu. Safari huahirishwa hadi ifike simu ya msiba. Ndipo watoto wa ndugu wawili hukutana mara ya kwanza matangani, wakiulizana majina.

Juma hili twapendekeza safari ya shanta. Vijana wa Ulaya hutia mahitaji yao ya mwezi mzima katika mfuko mmoja wa mgongoni, wakazunguka Bangkok yenye msongamano, kisha wakashukia fukwe na visiwa vya Thailand. Hatuna haja ya kuiga mwenendo wao wote; la kuiga ni wepesi wa mzigo. Mji wa msongamano tunao, na bahari tunayo.

Safari na ianzie mlangoni. Mtoto wa Eastlands apitishwe kwanza Pumwani, mtaa wa tangu miaka ya 1920, aijue misikiti yake na wazee wake. Apelekwe Gikomba, ambako shanta ya mtumba iliyo imara hupatikana kwa mwenye subira ya kupatana bei. Apite soko la Burma, lenye jina la nchi ya Asia ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944. Na aelezwe kuwa reli iliyouzaa mji huu ilianzia Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899. Anapokwenda Pwani, anairudia njia ile ile.

Kanuni ya kufunga mizigo ni moja: kila mtu abebe anachoweza kukibeba mwenyewe. Nguo tatu, ya kuvaa, ya kufuliwa na ya kusalia. Mama asisahau doti moja ya leso, kwani vipande vyake viwili hutosha kuwa shuka, mkeka wa sala, mbeleko na kinga ya jua.

Treni iliyoanza mwaka 2017 huondoka Syokimau na kuishia Miritini, mwendo wa kilomita 470 hivi. Fikeni mapema, kwa kuwa mizigo hupangwa chini na kukaguliwa kabla ya kuingia. Hapo ndipo mwenye shanta moja hushukuru. Tsavo ikifika, watoto wakae dirishani, huenda wakajaliwa kuona ndovu.

Safari hii yazidi kwa mbali kilomita 80 na kitu walizozikadiria wanazuoni, basi msafiri ana ruhusa ya kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Maghribi hubaki tatu, na Alfajiri mbili. Katika madhehebu ya Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, husali kamili tangu afikapo.

Mkifika Mombasa, mengi ya kupendeza hayana gharama kubwa: mahamri na mbaazi za asubuhi, vichochoro vya Mji wa Kale, Msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570, kuta za Fort Jesus, na kivuko cha Likoni ambacho mwenda kwa miguu huvuka bila malipo.

Na zawadi je? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi twasema mgeni asingoje kupewa. Kesho yake tu ashike mbuzi akune nazi, binti aoshe vyombo, kijana amchotee bibi maji. Bibi aliyekunwa nazi yake na mjukuu amepata zawadi isiyouzwa dukani.

Nanyi wenyeji wa Pwani, twawaomba jambo moja: mgeni akibisha hodi, mtazameni usoni, msimtazame mikononi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku moja nanyi pandeni treni mje kwetu. Chumba ni kimoja na godoro litatandikwa chini, lakini chai ya tangawizi haikosi.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuunga udugu huleta wasaa wa riziki na baraka ya umri. Hakuna mahali alipotushurutisha tuuunge kwa gunia la mchele. Bibi hawatungoji milele. Tufunge shanta wangali wakitutambua kwa sauti zetu.

Wabillahi tawfiq.