Kozi ni ya Kiingereza, maisha ni ya Kijapani

Samahanini kwa ukimya, mitihani ilinibana. Leo nataka kujibu swali ambalo wadogo zangu huko nyumbani mnaniuliza kila mkisikia habari za udhamini wa kuja kusoma Japani: "Kaka, kozi inafundishwa kwa Kiingereza?" Ndiyo, ziko nyingi za uzamili zinazofundishwa hivyo. Na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopotea.

Mimi nilikuja hapa Sendai kwa mtindo huo. Profesa Kiingereza, maabara Kiingereza, tasnifu Kiingereza. Darasa la Kijapani lilikuwepo, la bure, nikalitoroka baada ya mwezi. Nikajiambia miaka miwili si mingi. Basi nikaishi kama bubu: dukani nanyoosha kidole, benki naenda na Mjapani wa kunisemea, barua za manispaa narundika mezani. Kumbe moja ilikuwa inanidai bima ya afya ya miezi minne!

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa miaka themanini na ushei. Mwezi wa kumi na moja akanigongea mlango na mfuko wa kaki, tunda la rangi ya chungwa lenye umbo la nyanya, tamu sana. Akaongea maneno mengi. Nikajibu "arigatou", nikainama, nikafunga mlango. Akaja tena, na tena. Jibu lilikuwa lile lile. Mtu mzima anazungumza na mimi nafunga mlango! Mama akijua atanichapa pamoja na ndevu zangu hizi.

Mwaka wa pili nikarudi darasani kwa aibu, na ndipo nikaona tunatishwa bure. Irabu zao ni zile zile tano, na maneno mengi yanaishia na irabu kama ya kwetu. Ukivuta irabu maana inabadilika: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Mmarekani mmoja darasani aliteseka nayo wiki nzima. Mimi nikakumbuka kufa na kufaa, kazi kwisha. Wale mnaochekwa kwa kuchanganya r na l, njooni, huku sauti ni moja tu. Wana salamu ya kazini, otsukaresama, ambayo mwalimu aliieleza kwa Kiingereza mpaka akachoka. Si "pole na kazi" hiyo jamani? Na kuna namna ya kusema na mkubwa na namna ya kusema na mwenzako. Aliyelelewa na shikamoo hashangai.

Sisemi ni mteremko. Hiragana 46, katakana 46, halafu kanji za matumizi ya kawaida 2,136, ambazo zinanitoa jasho hadi leo. Na kitenzi kinakaa mwisho, usubiri sentensi iishe ndipo ujue mtu amekula au hajala.

Rafiki yangu mmoja ananipinga. Anasema waajiri huko nyumbani wataangalia cheti, nani atakuuliza Kijapani? Kweli, huenda asiulize mtu. Lakini pale Chuo Kikuu cha Osaka kuna Wajapani wanaosoma Kiswahili kama somo kuu, na sisi tunaishi kwao tunaona taabu kujifunza kusalimia. Anzeni huko huko, hata hiragana tu. NHK wametoa masomo ya Kijapani kwa Kiswahili kwenye intaneti, bure.

Mwezi uliopita nilijiandaa, nikakariri sentensi zangu, nikanunua keki, nikamgongea bibi. Alifungua mwanaume wa makamo, nyuma yake maboksi. Akaniambia mama yake amehamia nyumba ya kutunzia wazee, mkoa mwingine, karibu na kwake, na kwamba alikuwa akimsimulia habari za kijana mpole wa jirani. Nilimwelewa bila mkalimani.

Alinipa anwani. Barua naiandika wiki hii, karibu yote hiragana, mwalimu ataisahihisha Ijumaa. Haya, nisalimieni wote hapo nyumbani.