Novela Yetu Si Bango la Kunawa Mikono

Vijana wetu wa darasa la habari wanapanga novela ya televisheni. Ndiyo kazi yao ya kumaliza kozi. Mimi wameniita kama mzee wa kuulizwa mambo ya kwetu Olumbi: chombo kinavutwaje pwani, mhogo unaanikwaje, mtu akija kuposa anaanza na neno gani. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini wiki iliyopita nimerudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo ndiyo naiandika hapa.

Vijana walikuja na hadithi. Bi Zainabu wa Olumbi ana watoto wawili. Binti anaolewa na mvuvi, na harusi ina kesi zake za mahari na mawifi. Kijana wake, Momade, amepotea tangu Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Sehemu ya tatu, usiku, mtu anabisha hodi. Ni Momade. Alikuwa porini na wale. Hatujui kama alichukuliwa kwa nguvu au alikwenda kwa miguu yake. Je, mama afungue?

Darasa zima likanyamaza. Hata mimi.

Kisha ikaja karatasi. Msimamizi wa mradi ana orodha ya ujumbe: kipindupindu, kunawa mikono, chandarua, ndoa za utotoni. Kila sehemu ibebe ujumbe mmoja. Na Momade atolewe, eti ni "mada nyeti". Mahali pake awekwe jirani asiyechemsha maji.

Jamani! Nani ataacha foleni ya msaada akamtazame jirani asiyechemsha maji?

Sisi tumekulia novela za Brazili, kwa Kireno ambacho wengi wetu hatukijui vizuri, na bado tulijua nani kamwibia nani mume. Watu wa hivyo huwezi kuwadanganya kwa bango lililovaa kanga.

Sikatai ujumbe. Kipindupindu kinaua. Ninachokataa ni ujumbe kumfukuza mtu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kufundisha: uzazi wa mpango na UKIMWI. Lakini waliweka humo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu nyumbani. Mkwaju hakuwa mtu wa kuigwa hata kidogo, na ugonjwa ndio uliommaliza. Somo lilikaa ndani yake. Mngemtoa Mkwaju kwa kuwa ni mada nyeti, lingebaki tangazo.

Msimamizi ana hoja moja ya haki, nami sitaifunika: hatari. Hapa kambini yuko mama ambaye mwanawe hajulikani aliko. Kesho watoto watamnyooshea kidole: "Bi Zainabu huyo!" Na kijana atakayeigiza Momade ataitwa shababi kisimani, kwanza kwa utani, halafu utani umfikishe pabaya. Hilo ni kweli. Vijana, mkilipuuza mtakuwa mmekosa.

Lakini dawa ya hatari si kufuta. Tazameni Rwanda. Mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari, redio ilianza mchezo wa Musekeweya. Walibuni vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana kwa ajili ya ardhi. Mhutu na Mtutsi hawakutajwa. Hawakuhitaji kutajwa, kila msikilizaji alijiona.

Basi vijana, ondoeni jina la Olumbi, ijapokuwa linaniuma. Kipeni kijiji jina lisilokuwa kwenye ramani. Wale wa porini msiwataje kwa jina. Momade asionyeshwe sura hata mara moja: iwe sauti tu nyuma ya mlango, hapo hakuna atakayenyooshewa kidole kisimani. Na kabla ya kupiga picha, wakusanyeni akina mama faraghani, muwasomee. Watakachosema kitoke, kitoke. Ruhusa hiyo ni yao, si ya ofisi.

Nanyi ndugu wa mashirika mnaosoma jarida hili, nisikilizeni bila kukasirika. Septemba 2021 Human Rights Watch walieleza wazi kwamba wavulana waliotekwa walitumiwa kupigana Palma. Dunia imeyasoma hayo. Iweje mtu wa New York aruhusiwe kuyaandika, na mama wa Olumbi akatazwe kuyatazama kwa lugha yake? Mnatuuliza kwenye fomu zenu kama tunalala usiku. Tunapowaonyesha kinachotunyima usingizi, mnasema ni nyeti.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa vijana wetu, wako watakaorudi. Wengine wamesharudi. Siku hodi itakapobishwa kweli, mnataka tuwe tumefikiri kabla, au tuanze kufikiri tukiwa na panga mkononi?

Na sabuni yenu iwemo, sina neno. Bi Zainabu anawe mikono usiku ule, anawe tena, kwa sababu hajui aifanyie nini mikono yake wakati mwanawe yuko mlangoni. Hapo hata mimi nitakumbuka kunawa.

Ijumaa darasa linakutana tena. Nitakwenda na ombi moja: Momade arudishwe kwenye hadithi.